Madoa ya jasho kwapani: jinsi ya kuyatoa na kuyazuia yasirudi

Shati jeupe likianza kugeuka njano kwapani, wengi wetu hukimbilia Jik. Doa linakolea. Tunaongeza Jik, linakolea zaidi, na mwisho shati linakuwa la kulalia au linachanwa tambara la kudekia. Wala si kwamba mfuaji ni mvivu au sabuni ilikuwa chache. Doa lile lina dawa yake, na dawa hiyo huanza na kitu kichachu kabla ya sabuni.

Nitazungumzia zaidi mashati meupe na kanzu, nguo zinazovaliwa kwenye joto la Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwingi na jasho halikauki upesi mwilini. Anayeishi kwenye baridi atafuata hatua zilezile, ila kwake doa litachelewa kidogo kujitokeza.

Doa limetokana na nini

Mwili una tezi za jasho za aina mbili. Za kwanza zimeenea karibu mwili mzima, na jasho lake ni maji na chumvi. Likikauka kwenye nguo nyeusi huacha ukungu mweupe unaotoka kwa maji matupu. Za pili ziko hasa kwapani na kwenye kinena, na huanza kazi mtu anapobalehe. Jasho lake ni zito, lina mafuta na protini. Linapotoka halina harufu. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio wanaolila na kutuachia kikwapa.

Sasa ongeza roloni. Roloni na spreyi nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za alumini, ambazo huziba vijitundu vya jasho kwa muda. Alumini hiyo ikikutana na protini na mafuta ya mwili hushikamana navyo, ukatokea utando unaong'ang'ania nyuzi za nguo. Ukifua, sabuni inaondoa mafuta ya juu na kuuacha utando pale pale. Kesho unapaka tena, unavaa tena. Baada ya muda kwapa la shati linakauka na kuwa gumu kama lililopakwa gundi, na kila likipigwa pasi njano inakolea.

Ndiyo maana mtoto wa darasa la tatu anaweza kushinda juani akicheza mpira, shati lake la shule likarudi na vumbi, tope na wino lakini kwapani likawa safi. Kaka yake wa sekondari, ambaye hata kukimbia hakimbii, shati lake lina miduara miwili ya njano. Mmoja bado hajabalehe wala hapaki kitu. Mwingine ana vyote viwili.

Kwa nini Jik haisaidii, na buluu inadanganya

Klorini iliyomo kwenye Jik ikikutana na protini za jasho hutengeneza vitu vyenye rangi ya njano. Kwa hiyo unapoona doa limekolea baada ya kuloweka, macho yako hayakudanganyi. Zaidi ya hapo, Jik huharibu hariri, sufi na nguo zenye nyuzi za kuvutika, na nguo nyingi zenye mchanganyiko wa polista hugeuka njano kabisa zikilowekwa humo mara kwa mara. Jik ina kazi zake nyingi nyumbani. Hii si mojawapo.

Buluu ya kufulia nayo haiondoi kitu. Inapaka samawati hafifu juu ya njano, na jicho linaona weupe. Sina ugomvi nayo: kwenye suuzo la mwisho la kanzu ambayo doa lake limeshatoka, inapendeza. Ukiitia kabla ya hapo unafunika tatizo tu, na unapofua tena ile njano inachungulia.

Vitu vya kuandaa

Huhitaji duka la vifaa maalumu. Tafuta siki nyeupe (ile ya kahawia iache jikoni) au ndimu ya unga, ile wanayotumia watengenezaji wa urojo na achari. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ya unga. Ukipata inayosema kwenye pakiti kwamba ina vimeng'enya ni bora, kwa sababu vimeng'enya huvunja protini. Soda ya kuokea, yaani bikaboneti. Chupa ndogo ya haidrojeni peroksaidi kutoka duka la dawa. Mswaki mkuukuu wenye nywele laini, na beseni la plastiki.

Soma nguvu ya peroksaidi kwenye lebo kabla ya kutoka dukani. Ya asilimia 3 itumie ilivyo. Ya asilimia 6 ichanganye na maji kiasi sawasawa. Kali zaidi ya hapo, kama zile za saluni, achana nazo. Iache kwenye chupa yake ya rangi ya giza, kwa sababu mwanga huidhoofisha ikabaki karibu na maji matupu.

Onyo moja lisomwe mara mbili: usichanganye Jik na siki, ndimu au kitu chochote kichachu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha unaweza kukuziba pumzi. Kama nguo ilishalowekwa kwenye Jik, isuuze mpaka harufu iishe kabisa, ianike ikauke, ndipo uanze kazi hii siku nyingine.

Hatua kwa hatua

1. Geuza nguo ndani nje. Doa liliingia kutoka upande wa ngozi, na upande huo ndio wa kulishambulia. Lowesha kwapa kwa maji ya kawaida. Maji ya moto usiyatumie bado, kwa kuwa joto huikaza protini kwenye nyuzi, sawa na yai linavyoganda kwenye kikaango.

2. Loweka kwenye uchachu. Kikombe kimoja cha siki kwa vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, au kijiko kimoja cha chakula cha ndimu ya unga kwa lita 1 ya maji. Si lazima nguo nzima iingie. Lichovye kwapa kwenye bakuli, sehemu nyingine ining'inie nje. Acha nusu saa, na kwa doa la zamani saa nzima. Uchachu ndio unaolegeza ile alumini, na mtu akiiruka hatua hii ndipo hulalamika kwamba amejaribu kila kitu. Kisha sugua taratibu kwa mswaki na usuuze vizuri sana.

Huna siki wala ndimu ya unga? Ndimu mbichi inafaa kwa nguo nyeupe. Kamua, chuja nyamanyama, changanya na maji. Ila suuza mpaka uridhike, maana maji ya ndimu yaliyobaki kwenye kitambaa yakikutana na pasi hugeuka kahawia, na utakuwa umeongeza doa juu ya doa.

3. Ondoa mafuta. Dondoshea sabuni ya vyombo kwapani, sugua kwa vidole, acha robo saa. Kisha loweka kwenye sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu kwa nusu saa hadi saa moja. Vimeng'enya vinataka muda zaidi kuliko nguvu, kwa hiyo hakuna haja ya kufikicha mpaka shati lichanike. Suuza.

4. Sasa ng'arisha. Changanya vijiko viwili vya soda ya kuokea, vijiko viwili vya peroksaidi na matone machache ya sabuni ya vyombo, upate uji mzito. Upake kwapani, sugua kidogo, acha nusu saa hadi saa nzima kivulini. Usiuache ukaukie kwenye nguo. Hakikisha siki yote ilishatoka kwa kusuuza kabla hujafika hapa. Na uji uliobaki umwage. Ukiufungia kwenye chupa utatoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Wenye poda ya kutoa madoa inayotumia oksijeni, kama Vanish ya unga, wanaweza kuitumia badala ya uji huu kwa vipimo vya kwenye pakiti.

5. Fua kama kawaida, suuza, anika juani, kisha itazame nguo mchana kweupe. Taa ya umeme, hasa yenye mwanga wa njano, huficha mengi. Kama doa limepungua lakini lipo, rudia kuanzia hatua ya 2. Doa la muda mrefu halitoki kwa mkupuo mmoja.

6. Pasi ni mpaka doa liishe. Wanaoishi sehemu zenye yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na ambao wamezoea kupiga kila kitu pasi ili funza wasiingie kwenye ngozi, wapige sehemu nyingine zote na kuruka kwapa, au waianike nguo ndani ya nyumba yenye wavu mpaka ikauke kabisa.

Kuna mchanganyiko unaosifiwa sana mitandaoni: siki na soda ya kuokea kwa pamoja, vinachemka, povu linafurika, video inapendeza. Povu lile ni kabonidayoksaidi. Siki inaua nguvu ya soda, soda inaua nguvu ya siki, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Vitumie vyote viwili, lakini kila kimoja kwa zamu yake.

Na magadi je? Magadi ya kulainishia maharage ni kali kuliko bikaboneti. Yanaisaidia sabuni kutoa povu kwenye maji magumu, na kwa pamba nyeupe au tetroni hayana neno, mradi uyayeyushe kwanza na kuyachuja, kwani yale ya mabonge huwa na mchanga. Kwenye hariri na sufi usithubutu. Yanachubua mikono pia.

Kanzu ina mambo yake

Kanzu ya Ijumaa huvaliwa saa mbili tatu, kisha inarudishwa kwenye hanga kwa kuwa haionekani chafu. Wiki ijayo inavaliwa tena. Hapo ndipo doa linapojengeka. Kanzu ya Idi ni mbaya zaidi: inafuliwa juujuu, inatiwa wanga, inapigwa pasi, inakunjwa kabatini hadi Idi nyingine. Mafuta ya mwili yaliyobaki yanaendelea kugeuka rangi humo humo kabatini, na kanzu iliyowekwa nyeupe inatolewa ina njano kwapani na shingoni. Kwa hiyo nguo ya kuhifadhiwa muda mrefu ipitishe hatua ya 2 na ya 3 hata kama huoni doa, na usiitie wanga mpaka siku unapotaka kuivaa.

Darizi ya shingoni na kifuani, hasa yenye uzi wa rangi, usiitumbukize kwenye siki wala peroksaidi kabla ya kujaribu. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa dawa unayotaka kutumia, kibonyeze kwenye uzi upande wa ndani kwa dakika chache. Kikitoka na rangi, fanya kazi kwapani tu, na funga kanzu kwa mpira wa bendi juu kidogo ya doa ili maji yasipande.

Halafu kuna uturi. Mafuta ya uturi yakipakwa kwapani au karibu yake huacha madoa ya kahawia yanayofanana na ya jasho, lakini haya ni mafuta tu. Siki haiyafanyi kitu. Anza na sabuni ya vyombo kwenye nguo kavu, kabla ya maji yoyote, acha robo saa, ndipo ufue. Ukitaka harufu bila doa, ifukize kanzu udi ikiwa kwenye hanga, na uturi upake nyuma ya masikio.

Kanzu ya hariri mpelekee dobi unayemwamini, na umwambie wazi kwamba doa ni la jasho na roloni. Dobi asiyeambiwa atatumia alichozoea, na alichozoea huenda ni Jik.

Nguo nyeusi na za rangi

Hapa doa huwa jeupe. Kama ni la juu juu, la roloni iliyogusa nguo wakati wa kuvaa, lisugue kwa soksi kavu na litatoka bila maji. Kama kwapa limekuwa gumu na lina ukungu, tumia siki kwa kipimo kilekile, kwa nusu saa tu, kisha sabuni. Hatua ya 4 iruke kabisa: peroksaidi inaweza kufifisha rangi.

Nguo nyeusi iliyogeuka nyekundunyekundu kwapani haina doa la kutoa. Rangi yenyewe imeshaliwa. Hapo dawa ni kuipaka rangi upya au kukubali.

Ujuzi huu ni muhimu kwa wanunuzi wa mitumba. Iwe soko la Karume, Gikomba au Kongowea, kabla ya kubishania bei geuza shati uangalie kwapa, na uliinue kuelekea kwenye mwanga. Njano ngumu kwenye pamba nzito nyeupe inatoka, na unaweza kulitumia doa hilo kushushia bei. Kitambaa kilichopungua unene hadi unaona mwanga upande wa pili kiache, kitachanika ukiinua mkono kwenye daladala.

Kuzuia

Roloni nyingi hupakwa asubuhi kwenye kwapa lenye majimaji ya kuoga, na shati linavaliwa hapo hapo. Sehemu ya dawa inaishia kwenye nguo. Dawa ya kuzuia jasho hufanya kazi vizuri zaidi ikipakwa usiku kwenye ngozi kavu, kwa sababu jasho ni kidogo na dawa inapata muda wa kuingia kwenye vijitundu. Asubuhi ukioga, kazi yake haiishi. Ukishindwa kubadili muda, basi angalau paka kidogo na usubiri ikauke ndipo uvae.

Kama shida yako ni harufu kuliko wingi wa jasho, tafuta deodoranti isiyo na alumini. Itapambana na bakteria, jasho litatoka kama kawaida, lakini ule utando wa njano hautajengeka kwa kasi ileile. Shabu, ile ya vinyozi, wengi wanaitumia kwa kuamini haina kemikali. Shabu nayo ni chumvi ya alumini. Uzuri wake ni kwamba haina nta wala mafuta ya roloni, kwa hiyo haigandi sana kwenye nguo. Ilowanishe, pitisha kidogo, acha ikauke. Kunyoa kwapa kunasaidia pia, maana nywele hushika jasho na dawa na kuwapa bakteria makazi. Waislamu wana hili kwenye sunna, na wamewekewa ukomo wa siku 40.

Fulana ya ndani inasaidia kwa sharti moja: iwe na mikono. Singlendi ya kawaida imekatwa wazi kwapani, kwa hiyo inalinda mgongo na kifua na kuliacha shati likutane na jasho moja kwa moja. Vaa fulana nyepesi ya pamba yenye mikono mifupi. Asiyeweza kuvumilia nguo mbili kwenye joto la Februari anaweza kumwomba fundi amshonee vipande vya pamba vya kubandika kwapani kwa vishikizo vidogo, vya kutoa na kufua kila siku.

Fua siku ileile, au angalau suuza kwapa kwa maji na uanike. Shati la jasho likivingirishwa kwenye tenga la nguo chafu hadi Jumamosi linakuwa na siku kadhaa za kuharibika. Polista huhitaji uangalifu zaidi kuliko pamba, kwa kuwa inashika mafuta ya mwili na harufu yake.

Maji nayo yana lawama. Visima vingi vya Pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake ni magumu. Sabuni ya mche kwenye maji hayo haitoi povu. Inaganda kuwa ukoko wa kijivu unaoshika kwapani na kwenye kola. Kwa nguo nyeupe tumia sabuni ya unga, na kama una maji ya mvua yahifadhi kwa suuzo la mwisho.

Jasho lisilo la kawaida

Mtu anayelowa hata akiwa amekaa kivulini, kila siku, amwone daktari; kuna dawa kali zaidi za kupaka na tiba nyingine. Jasho la usiku linalolowesha shuka, pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa au kupungua uzito, ni sababu ya kwenda kupima kifua kikuu. Na aliye kwenye dozi ya kifua kikuu asishtuke akiona rangi ya machungwa kwenye nguo: rifampisini hupaka rangi mkojo, machozi na jasho. Asikatishe dozi. Avae nguo nyeusi mpaka amalize.

Lisipotoka kabisa

Shati lililopikwa na Jik kwa miaka huenda lisirudi weupe wake hata ukirudia hatua zote. Kama kitambaa chake bado ni kizima, lipake rangi ya bluu iliyokolea au nyeusi, ukijua kwamba nyuzi za polista hazishiki rangi ya pamba na litatoka hafifu. Kwa kanzu ya thamani, mpelekee fundi abandue kipande cha kwapani na kuweka kingine cha kitambaa kinachofanana. Mpe kitambaa kilichokwisha kufuliwa, maana kipya kitaruka kikifuliwa na kulivuta kwapa.